Bodaboda na mafuriko ya Nairobi: Wakati wa kuvuka na wakati wa kusimama

KILA msimu wa masika unapowadia, jiji la Nairobi hugeuka kuwa uwanja wa majaribu kwa maelfu ya watu wanaotafuta riziki juu ya magurudumu mawili. Abiria wa matatu hufunga dirisha na kungoja foleni isonge. Mhudumu wa bodaboda hana dirisha la kufunga. Mvua humpiga usoni, breki hulegea, na barabara aliyoizoea hufunikwa na maji yanayoficha mashimo na mitaro.

Hata hivyo, saa hiyo hiyo ya dhoruba ndiyo saa ambayo wateja humtafuta zaidi. Pikipiki hupenya pale ambapo gari limekwama, na nauli hupanda. Hapo ndipo penye mtego, kwa maana faida ya safari moja huonekana papo hapo, ilhali hasara yake hujificha chini ya maji.

Makala haya yanaeleza kwa nini maji hujikusanya jijini, yanavyomwathiri mwendeshaji na chombo chake, hatua za kuchukua kabla na baada ya dhoruba, na hesabu ambayo kila mhudumu anafaa kuifanya kabla ya kuingiza gurudumu la mbele majini.

JIJI LA MAJI BARIDI

Jina Nairobi lenyewe latokana na maneno ya Kimaasai yenye maana ya maji baridi. Reli kutoka Mombasa ilipofika hapa mwaka wa 1899, kituo kilijengwa kwenye uwanda uliokuwa na kinamasi, kabla ya njia kuanza kupanda kuelekea nyanda za juu. Kituo hicho ndicho kilichozaa jiji ambalo, kwa mujibu wa sensa ya 2019, lina wakazi zaidi ya milioni 4.3.

Ardhi ya Nairobi huinama kutoka magharibi kwenda mashariki. Mto Nairobi, ambao chanzo chake ni kinamasi cha Ondiri kule Kikuyu katika Kaunti ya Kiambu, hukatiza katikati ya jiji. Mito ya Mathare na Ngong nayo huteremka kutoka upande huo huo wa juu, na hatimaye maji yote huishia Mto Athi. Kwa sababu hiyo, mvua kubwa ikinyesha sehemu za juu, mto waweza kufurika Mathare au Mukuru ilhali anga ya huko chini haijatoa hata tone. Mwendeshaji anayetazama mawingu ya Embakasi pekee huwa amesoma nusu ya habari.

Udongo nao una mchango wake. Sehemu za magharibi na kaskazini zina udongo mwekundu unaopitisha maji kwa urahisi kiasi. Kusini na mashariki kuna udongo mweusi wa mfinyanzi, ambao ukishalowa hushikilia maji juu na kugeuka utelezi. Juu ya udongo huo kumejengwa paa, lami na saruji zisizonyonya chochote. Milimita moja ya mvua ikimwagika juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Milimita 50 zikinyesha kwenye hekta moja iliyosakafiwa, ni lita 500,000 zinazotafuta njia ya kupita. Mitaro ikiwa imeziba kwa takataka, ambazo hazijatoweka licha ya marufuku ya mifuko ya plastiki iliyoanza Agosti 2017, maji hayo hayana pengine pa kwenda ila barabarani.

Msimu wa Machi hadi Mei mwaka wa 2024 uliwakumbusha wakazi uzito wa jambo hili. Mafuriko na maporomoko yaliwaua zaidi ya watu 280 kote nchini. Jijini Nairobi, mitaa ya Mathare na Mukuru ilikuwa miongoni mwa iliyoathirika zaidi, na serikali ikaamuru waliokuwa wakiishi ndani ya mita 30 kutoka kingo za mito wahame. Kabla ya hapo, mvua za El Niño za 1997 na 1998, masika ya 2018 na vuli ya 2023 pia ziliacha makovu katika sehemu nyingi za nchi.

PIKIPIKI ZILIVYOJAA BARABARANI

Huduma ya bodaboda ilianzia mpakani Busia, ambako vijana waliwabeba watu kwa baiskeli kutoka upande wa Kenya hadi ule wa Uganda. Jina lenyewe ni neno la Kiingereza lenye maana ya mpaka, lililorudiwa mara mbili na kulainishwa na ndimi za wenyeji. Pikipiki zilichukua nafasi ya baiskeli polepole, na kasi ikaongezeka baada ya serikali kuziondolea ushuru wa VAT pikipiki zenye injini zisizozidi 250cc mnamo 2008.

Leo hii bodaboda hubeba abiria, mboga za Gikomba na Wakulima, mitungi ya gesi, na vifurushi vinavyoagizwa kupitia programu za simu. Barabara ya Nairobi Expressway iliyofunguliwa 2022 hairuhusu pikipiki, hivyo wahudumu husalia katika barabara za chini, ambako ndiko maji hukusanyika.

DAKIKA ZA KWANZA ZA MVUA

Wengi hudhani kwamba hatari huongezeka kadiri mvua inavyoendelea kunyesha. Kwa upande wa utelezi, dakika za kwanza ndizo mbaya. Mafuta, oili na vumbi vilivyokauka juu ya lami huchanganyika na matone ya mwanzo na kutengeneza utando laini. Mvua ikiendelea, utando huo huoshwa, ingawa matope huja kuchukua nafasi yake pale penye njia za udongo. Michoro ya rangi ya vivuko, reli na vifuniko vya chuma hubaki vikiteleza muda wote. Navyo vivukwe pikipiki ikiwa wima, bila kukaza breki na bila kukata kona.

Pikipiki inayokwenda kilomita 40 kwa saa husafiri takriban mita 11 kwa kila sekunde. Katika barabara kavu, mwanya wa sekunde mbili nyuma ya gari lililo mbele hutosha. Barabara ikilowa, mwanya huo uwe angalau sekunde nne, yaani mita 44 hivi. Ikiwa tairi limekwisha meno, hata mwanya huo hautoshi, kwa kuwa meno ndiyo yanayoyasukuma maji pembeni ili mpira uguse lami.

Pikipiki nyingi za bodaboda zina breki za dramu. Maji yakiingia ndani ya dramu, breki hushika kwa kuchelewa au hushika ghafla. Dawa yake ni kuzigusa breki kidogo kidogo huku pikipiki ikienda taratibu, mpaka zikauke na kurejea hali yake. Aidha, breki ya mbele na ya nyuma zitumiwe pamoja na kwa upole.

Mavazi nayo huokoa au huponza. Koti la mvua lisilofungwa vizuri, au leso ya abiria inayoning'inia, yaweza kunaswa na mnyororo au gurudumu la nyuma. Gambuti huzuia matope, lakini zikijaa maji huwa nzito na humfanya mwendeshaji asiihisi gia. Kioo cha helmeti kikishika ukungu, kifunguliwe kidogo ili hewa ipite. Taa kuu iwashwe hata mchana, na koti la kuakisi mwanga livaliwe juu ya koti la mvua wala si ndani yake, kosa ambalo huonekana kila siku barabarani.

Kuna pia ule mwavuli mkubwa unaofungwa kwenye pikipiki. Mwavuli huo humkinga mtu na manyunyu, ila upepo wa dhoruba ukivuma kutoka ubavuni huugeuza kuwa tanga la jahazi. Pikipiki ya kilo 120 hivi haina uzito wa kushindana na tanga. Upepo ukianza, mwavuli ukunjwe.

MAJI YANAPOFUNIKA BARABARA

Wahenga walisema maji usiyoyafika hujui wingi wake. Katika barabara za jiji, hujui pia kilicho chini yake. Huenda kifuniko cha shimo la majitaka kiliibwa na wauza vyuma vikuukuu, au ukingo wa lami umemomonyoka, au mtaro ulio wazi umetoshana na barabara kwa jinsi maji yalivyosawazisha kila kitu.

Vipimo vichache vyafaa kukumbukwa. Maji yanayokwenda kasi, yenye kina cha sentimita 15 tu, yaweza kumwangusha mtu mzima. Sentimita 30 zaweza kulibeba gari dogo. Sentimita 60 zaweza kuyasukuma magari mengi, yakiwemo makubwa. Isitoshe, kasi ya maji ikiongezeka maradufu, nguvu yake ya kusukuma huongezeka mara nne. Kwa hivyo kina pekee hakitoshi kuwa kipimo, na mkondo lazima nao uangaliwe.

Kwa pikipiki ya kawaida, ekseli ya gurudumu iko kwenye kimo cha takriban sentimita 30. Kanuni rahisi ni hii: maji yanayokwenda kasi yasivukwe kabisa, hata yakiwa haba. Maji yaliyotulia yavukwe tu ikiwa hayafiki ekseli na ikiwa barabara yenyewe inajulikana vyema. Ikiwa huoni ukingo wa barabara, au ukiona maji yakizunguka kama kimbunga kidogo, ishara ya shimo linalomeza maji, geuka.

Anayelazimika kuvuka maji yaliyotulia ayatazame kwanza magari mengine yakivuka ili ajue kina. Abiria ashuke na kutafuta njia kavu. Mwendeshaji atumie gia ya kwanza, aweke mwendo mmoja wa polepole bila kuachilia mafuta, na apite katikati ya barabara, ambako lami mara nyingi huinuka kuliko pembeni. Asiingie sambamba na lori au basi, maana wimbi lake laweza kumfikia kiunoni. Mkondo ukianza kuivuta pikipiki, aiache. Chombo chaweza kupatikana kesho, roho haina duka.

PA KUJIKINGA

Mvua ikichacha, wahudumu wengi hukimbilia chini ya madaraja ya magari na vivuko vya miguu katika Barabara ya Thika, Barabara ya Mombasa na Waiyaki Way. Desturi hii ina hatari mbili. Kwanza, pikipiki zikijazana hadi kwenye njia ya magari, dereva anayekuja huku kioo chake kimefunikwa na maji huziona akiwa amechelewa. Pili, barabara inayopita chini ya daraja mara nyingi imechimbwa chini kuliko ardhi ya kandokando. Mahali hapo humkinga mtu na maji ya juu, ndipo pia maji ya chini hukimbilia. Anayejikinga na atoke barabarani kabisa, asimame mahali palipoinuka, na ajue njia yake ya kuondokea.

Radi nayo isidharauliwe. Tairi za mpira hazimlindi mwendeshaji, kwa kuwa yuko wazi bila paa wala kuta. Kinachofaa ni jengo imara. Ukihesabu sekunde 30 au chini ya hapo kati ya mmweko na ngurumo, radi iko ndani ya kilomita 10 hivi na yafaa ujikinge, kisha ungoje nusu saa baada ya ngurumo ya mwisho. Miti mikubwa ya jiji na mabango ya matangazo hayafai kuegemewa wakati wa upepo mkali. Waya wa umeme ulioanguka, hasa uliogusa maji, usikaribiwe hata kama unaonekana umekufa.

HESABU YA NAULI MOJA

Ushauri wa kusimama ni rahisi kuutoa ofisini. Mhudumu wengi wao wamenunua pikipiki kwa mkopo unaolipwa kila siku au kila wiki, na mkopo haujui masika wala kiangazi. Anayesimama saa tatu chini ya paa la kituo cha mafuta huona fedha zikimpita. Ndiyo sababu uamuzi wa kuvuka hauwezi kuelezwa kuwa ukaidi wala ujinga tu.

Hata hivyo, tuifanye hesabu yenyewe kwa mfano. Tuseme nauli ya safari moja wakati wa mvua ni Sh200. Tuseme injini ikiingia maji, fundi na vipuri vitagharimu Sh6,000, na pikipiki italala siku tatu huku mkopo ukidai Sh500 kila siku. Hasara ni Sh7,500, bila kuhesabu mapato ya siku hizo tatu. Safari 37 za namna ile haziwezi kuirudisha. Kila mmoja aweke takwimu zake mahali pa hizi. Mwelekeo wa jibu hautabadilika. Kusimama kwa saa chache ni gharama, lakini ni gharama inayojulikana na yenye kikomo.

Jambo jingine ni bima. Sheria ya bima ya magari, Sura ya 405, inamlazimu mwenye chombo kuwa na bima ya kufidia mtu wa tatu. Bima hiyo hailipii injini ya mwenyewe iliyozama. Bima ya kina ndiyo inayoweza kulipia, nayo hutegemea masharti, hivyo mwenye pikipiki aulize waziwazi kuhusu mafuriko kabla masika hayajaanza.

PIKIPIKI IKIZAMA

Kosa kubwa ni kuiwasha mara tu inapotolewa majini. Injini imeundwa kubana hewa, na maji hayabaniki. Maji yakiwa ndani ya silinda na pistoni ikalazimishwa kupanda, chuma kinachoiunganisha na mhimili wa injini chaweza kupinda au kukatika. Kilichokuwa tatizo la kukausha huwa tatizo la kununua injini.

Kinachofaa ni kuisukuma hadi mahali pakavu, kuzima swichi na kutenganisha betri. Plagi itolewe, kisha kiki ikanyagwe polepole mara kadhaa ili maji yatoke kupitia tundu lake. Chujio la hewa likaushwe au libadilishwe, na kabureta imwagwe. Oili itazamwe: ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, imechanganyika na maji na sharti imwagwe yote kabla ya injini kuwashwa. Baadaye beringi za magurudumu zikaguliwe na mnyororo utiwe mafuta, kwani matope ya mafuriko ni kama msasa. Pikipiki za umeme zilizozama zisiwashwe wala kuchajiwa kabla ya kukaguliwa na fundi wa kampuni iliyoziuza.

Mwendeshaji naye ajikague. Maji ya mafuriko jijini huchanganyika na majitaka, na yanaweza kuleta kipindupindu, homa ya matumbo, na maradhi yanayoenezwa na mkojo wa panya kupitia vidonda. Mikono na miguu ioshwe kwa maji safi na sabuni, na kidonda kisiachwe wazi. Homa ikizuka siku chache baadaye, daktari aelezwe kwamba mgonjwa alipita majini.

ABIRIA NA STEJI

Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, inaruhusu abiria mmoja tu, na inawataka yeye na mwendeshaji kuvaa helmeti na koti la kuakisi mwanga. Mvua haiondoi masharti hayo. Kinyume chake, watu wawili nyuma huinua uzito na kurefusha umbali wa kusimama.

Abiria ana sauti yake. Mhudumu akisema hapa hapavukiki, si haki kumwita mwoga wala kumnyima malipo ya kipande alichomfikisha. Anayemwongezea Sh100 ili aingie majini ananunua hatari yake mwenyewe.

Steji nazo zina nguvu ambayo mtu mmoja hana. Wahudumu wengi tayari wana vyama vya kuchangiana wakati wa ugonjwa na msiba. Vyama hivyo hivyo vyaweza kuweka akiba ya siku za mvua, kutumiana ujumbe kuhusu barabara zilizofungwa na maji, na kukubaliana sehemu ambazo hakuna mwanachama atakayevuka. Makubaliano hayo ni muhimu, kwani mmoja akikataa na mwenzake akivuka, aliyekataa huonekana mjinga na siku inayofuata naye huvuka. Utabiri wa Idara ya Hali ya Hewa ubandikwe stejini. Nambari ya Msalaba Mwekundu, 1199, na zile za polisi, 999 na 112, ziwe kwenye simu ya kila mmoja.

Juhudi hizo hazifuti wajibu wa mamlaka. Serikali ya Kaunti ya Nairobi ndiyo yenye jukumu la mitaro mingi ya mitaa, KURA husimamia barabara za mijini, nayo KeNHA barabara kuu. Mwananchi anayeripoti shimo lisilo na kifuniko hajali mpaka wa ofisi hizo uko wapi. Mitaro ikizibuliwa Februari badala ya Aprili, vifuniko vikirudishwa, na steji zikijengewa vibanda vyenye paa mahali palipoinuka, mhudumu atakuwa na pa kusimama. Asipokuwa na mahali hapo, kumshauri asimame ni kumwambia anyeshewe bila malipo, na wengi wataendelea kuchagua maji.